Tiffin: Ni Chakula au Ni Chombo?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika hadithi za India ya zama za Waingereza nakutana mara kwa mara na neno “tiffin”. Mahali pamoja watu wameketi mezani wanakula tiffin, na mahali pengine mtu ameibeba mkononi akielekea kazini. Je, hiki ni chakula au ni chombo, na neno lenyewe ni la Kihindi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni vyote viwili, ila chakula ndicho kilichotangulia. Kuhusu asili yake, wengi hudhani kwamba ni neno la Kihindi, kwa kuwa siku hizi makao yake makuu ni India, lakini ushahidi ulio imara zaidi unatupeleka Uingereza. Katika kamusi ya lugha ya mitaani aliyoichapisha Francis Grose mwaka 1785, “tiffing” imeelezwa kuwa ni kula au kunywa nje ya nyakati za mlo, nalo neno hilo linahusishwa na “tiff”, yaani funda dogo la kinywaji. Wapo waliolinasibisha na neno la Kiarabu “tafannun”, lenye mzizi uleule uliotupatia neno “fani”. Dhana hiyo inavutia, hasa kwetu tuliozoea kuona Kiarabu ndani ya maneno yetu, lakini “tafannun” halihusu chakula, ilhali neno la Kiingereza lilikuwa tayari na maana ya kula kidogo. Kwa hiyo sioni sababu ya kuliacha lililo karibu.

Lililolipa neno hilo uhai ni mabadiliko ya saa za kula. Katika karne ya 18 Waingereza wengi walikula mlo wao mkuu mchana, na kadiri mlo huo ulivyosogezwa kuelekea jioni, pengo lilibaki katikati ya siku. Waliokuwa India waliliziba kwa chakula chepesi, ambacho kwa joto la nchi ile kilifaa kuliko mlo mzito, na wakakiita tiffin. Waingereza wenyewe wameliacha neno hilo kwa kiasi kikubwa, lakini Wahindi wamelishika na kuligeuza wapendavyo. Kusini, kama vile Chennai, tiffin ni vyakula vyepesi mfano wa idli, dosa na vada, vinavyoliwa asubuhi au alasiri, wala si lazima mchana.

Mumbai ndiko chombo kilikopata umaarufu. Tangu mwaka 1890, wachukuzi waitwao dabbawala hukusanya vyakula vilivyopikwa majumbani na kuvifikisha maofisini kwa baiskeli na treni, kisha huvirudisha vyombo vitupu. Kabla ya janga la UVIKO-19 walikadiriwa kuwa wapatao 5,000, wakibeba karibu vyombo 200,000 kwa siku. Chombo chenyewe ni mikebe ya chuma iliyopandanishwa na kufungwa pamoja, wali mahali pake na mchuzi mahali pake. Kwao “dabba” ni mkebe, na “debe” letu nalo lina asili hiyohiyo.

Kwa hiyo unapofasiri, tazama kitenzi kabla ya kuchagua neno: kinacholiwa na Waingereza wale mezani kiite chakula chepesi cha mchana, na kinachobebwa kiite mkebe wa chakula. Kwa habari za Chennai ningeliacha neno tiffin lilivyo, kwani “chakula cha mchana” kitampotosha msomaji.