Mwamba mzee juu, mwamba kijana chini: ramani ya Glarus haijakosewa

Swali: Habari mtaalamu. Niko mwaka wa tatu jiolojia, tumepewa ramani ya Glarus, Uswisi. Vileleni kuna Verrucano (mwamba wa mchanga na changarawe zilizoshikana) ya kipindi cha Permi, chini yake flishi (tabaka za mchanga na matope ya baharini) ya Eosini, kipindi cha baadaye sana. Si tumefundishwa mwamba mzee unakaa chini? Ramani imekosewa au tabaka zimepinduka? Na ule mstari wenye meno ni wa nini?

Jibu: Ramani iko sawa kabisa mdogo wangu, na swali lako liliwasumbua wakubwa karibu karne nzima ya 19. Kanuni ya mzee chini inafanya kazi pale tu ambapo tabaka hazijasumbuliwa. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea Bonde la Ufa, ardhi inavutwa, folti (mikato ambapo miamba imesogea) zimesimama wima wima, upande mmoja unashuka. Alps ni kinyume chake, Ulaya imegongana na bamba dogo la Adria lililotoka upande wa Afrika, miamba ikabanwa ikakunjika, ikazidi kubanwa ikakatika na kipande kizima kikapanda juu ya mwenzake. Mkato huo ndio thrasti. Hapo Glarus, Verrucano ya miaka kama milioni 250 hadi 300 imesukumwa kwenda kaskazini zaidi ya kilomita 30 ikaja kuikalia flishi ya miaka milioni 35 hadi 50. Meno huchorwa upande wa kipande kilichopanda, kwa hiyo ukiona meno yanaelekea kwenye Verrucano ujue hiyo ndiyo iliyo juu.

Kuhusu kupinduka, hujawaza vibaya hata kidogo. Mwanajiolojia Mswisi Albert Heim alitetea kwa miaka mingi kwamba ni mikunjo miwili mikubwa inayotazamana. Mwenzake Mfaransa, Marcel Bertrand, mwaka 1884, bila hata kufika pale, alisoma maelezo ya wenzake akasema hapana, ni thrasti moja tu kutoka kusini, na Heim mwenyewe akaja kukubali mwanzoni mwa karne ya 20. Ukisimama Lochsite karibu na Schwanden unaona kila kitu kwa ukaribu: juu Verrucano, chini flishi nyeusi, katikati chokaa nyembamba ya kama mita moja iliyokandwa ikajiviringa viringa, na ndani yake mstari mmoja ulionyooka kama umepigwa rula. Heim aliichukulia chokaa ile kuwa ubavu wa mkunjo uliovutwa ukakonda, lakini leo tunajua ndipo mwendo wenyewe ulipopita.

Sasa kwenye ramani yako usiangalie rangi tu, fuata mpaka wenyewe na kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja). Folti iliyosimama inakata mabonde na vilima moja kwa moja bila kujali kontua, ila iliyolala inazunguka mlima karibu na kontua ileile, na ndiyo maana thrasti ya Glarus inazizunguka zile safu za vilele. Chukua pointi tatu mpaka unapokutana na kontua unazozijua, hapo unapata straiki (uelekeo wa tabaka) na dipu (mwinamo wake) bila kugusa kampasi.

Tafuta pia ramani ya tektoniki ya nchi nzima, maana ile haipaki rangi kwa umri, inapaka kwa asili ya kipande, na hapo utashangaa kuona kilele cha mlima Matterhorn kimepakwa rangi ya miamba ya upande wa Adria, chini yake mabaki ya sakafu ya bahari iliyokuwepo kati ya mabamba hayo mawili. Kwangu mimi hakuna ramani inayofundisha zaidi ya hiyo.

Halafu rudi Glarus uchore sekisheni (mchoro wa ardhi kana kwamba imekatwa wima) ya kusini-kaskazini, toka bonde la Rhine hadi Schwanden, na tafadhali usirefushe skeli ya wima, dipu zitakudanganya. Utaona thrasti inapanda toka kusini hadi kwenye mita kama 3,000 halafu inashuka tena kuelekea kaskazini. Usishtuke kwamba inateremka kule kule ilikosukumiwa, ni massifu ya Aar (bonge kubwa la miamba ya kale) iliyoinuka baadaye ikaibinua kwa chini.