Kichomeo cha dizeli: mambo ninayowaambia mafundi wanaoanza

Kijana anayekuja kujifunza kazi hii kwetu Nyakato huwa na hamu moja tu, kuona moto unawaka. Ukishawaka anafuta mikono na kukusanya spana, kwake kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapomwita arudi. Kuwasha dizeli si kazi ngumu. Kazi yetu hasa ni hewa: inayoingia kwenye kichomeo, inayoingia chumbani, na moshi unaotakiwa kutoka nje bila kurudi ndani kwa watu.

Hapa Mwanza hakuna mtu anayepasha nyumba joto. Vichomeo tunavyofunga ni vya oveni za mikate, boila za kufulia na mitambo ya maji moto. Lakini vingi vinavyotufikia kwa mtumba vilitengenezwa kwa ajili ya kupasha nyumba huko Marekani, Kanada na Uingereza, na vitabu vyake vimeandikwa kwa ajili ya fundi wa huko. Ukikifuata kitabu kama kilivyo bila kufikiria mahali uliposimama, utapata moshi mweusi siku ya kwanza. Kuna sababu mbili, na zote ni za hesabu.

Ya kwanza ni mwinuko. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa takriban asilimia 12. Feni ya kichomeo inasukuma ujazo uleule wa hewa popote ilipo, ila hapa ndani ya ujazo huo oksijeni ni pungufu. Dizeli yenyewe haijui habari za mwinuko. Kilo moja inataka kilo 14 na nusu hivi za hewa ndipo iungue yote, na nozeli, kile kitundu kinachonyunyiza mafuta, inaendelea kumwaga kiasi kilekile.

Ya pili ni umeme, na hii wengi hawaifikirii kabisa. Kichomeo cha Marekani kinatumia volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Mwenye mali ananunua transfoma ya kushusha volti 230 za TANESCO, mota inazunguka, kila mtu anafurahi. Transfoma inabadili volti, haigusi hezi. Mota iliyokuwa ikizunguka mara 3,450 kwa dakika huko kwao, kwenye hezi 50 inazunguka kama mara 2,875, kwa hiyo hewa ya feni imepungua sehemu moja ya sita. Pampu ya mafuta iko kwenye shafti hiyohiyo, nayo imepunguza mwendo, lakini presha yake inashikiliwa na valvu, hivyo nozeli haipungukiwi hata tone. Unganisha hayo mawili uone: karibu robo ya hewa imepotea kabla hujagusa skrubu yoyote.

Kwa hiyo usishangae unapolazimika kufungua kilango cha hewa kuliko kitabu kinavyosema. Kikiisha kufunguka chote na moshi bado upo, badilisha nozeli, weka ndogo zaidi. Namba iliyogongwa kwenye nozeli ni galoni za Kimarekani kwa saa, ikipimwa kwa presha ya psi 100. Nozeli ya 1.00 hutoa lita 3.8 hivi kwa saa. Ukipandisha presha hadi psi 145, nozeli hiyohiyo itatoa karibu lita 4.5. Ninawaonya kuhusu hili kwa sababu kuna mafundi wanaopandisha presha ili moto uonekane mkali, halafu wanaulizana masizi yanatoka wapi. Angalia pia nyuzi za pembe ya mnyunyizo, 45, 60 au 80. Chumba cha moto kikiwa kifupi na kipana kinataka nyuzi nyingi, kirefu na chembamba kinataka chache. Mwali usiguse ukuta wowote. Ukigusa unapoa, na mafuta yaliyokuwa yanaungua yanageuka masizi.

Moshi upimwe kwa kifaa. Kuna pampu ndogo ya mkono inayovuta moshi kupitia karatasi nyeupe. Unalinganisha doa na kadi yenye alama 0 hadi 9. Tunataka 0, au 1 kwa shida. Macho yanadanganya: bomba linaweza kuonekana safi juu ya paa huku karatasi inatoka na doa la kijivu, na kijivu hicho kinajaza masizi ndani ya oveni kila siku.

Sasa chumba. Kwa hewa ya Mwanza, lita moja ya dizeli inahitaji kama mita za ujazo 12, na ukiongeza ziada ambayo kichomeo chochote kinahitaji, hesabu 15. Oveni inayokula lita 4 kwa saa inavuta mita za ujazo 60 kila saa. Chumba chenye mita 4 kwa 5 na kimo cha mita 3 ndicho hicho, mita 60. Yaani ndani ya saa moja kichomeo kimevuta hewa ya chumba kizima. Halafu ukiingia kwenye chumba cha kuokea mikate usiku unakuta madirisha yamezibwa kwa sababu ya wezi, na mlango umefungwa ili unga usipeperuke. Hewa haina pa kuingilia, basi inaingilia pale pale moshi unapotakiwa kutokea. Kwa kichomeo cha kiasi hicho mimi sikubali chini ya matundu mawili yanayotoka nje moja kwa moja, moja karibu na sakafu na lingine karibu na dari, kila moja sentimita 20 kwa 20, wazi kabisa. Mkiweka wavu, ongezeni ukubwa, maana wavu unakula nafasi. Na wavu wa huku usafishwe: wale wadudu wa ziwani wanaoinuka majini kama wingu hufuata taa za usiku, na asubuhi wamelala tabaka zima kwenye wavu na kwenye mdomo wa feni.

Moto unaokosa hewa unatoa kaboni monoksaidi. Hii gesi haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndiyo maana kiasi kidogo tu kinatosha kumwangusha mtu. Inaanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Sasa niambie, mtu wa Mwanza akipatwa na hayo anafikiria nini? Malaria. Anakunywa mseto, anarudi kazini palepale penye sumu. Niliwahi kuitwa kwenye oveni ambayo moto wake ulikuwa unatikisika. Wakati nafungua vifaa, vijana wa zamu ya usiku walikuwa wanasimuliana jinsi malaria inavyowasumbua wote kwa pamoja. Nyuma ya oveni, mahali palipofichwa na magunia ya unga, kiungo cha bomba la moshi kilikuwa kimeachana upana wa vidole viwili, na ukuta wa pembeni ulikuwa mweusi. Shikeni dalili hii: watu kadhaa wanaumwa kichwa wakati mmoja ndani ya chumba kimoja, wakitoka nje wanapata nafuu. Zima kichomeo, toa watu wote nje, fungua milango, wapelekwe hospitali na waeleze kwamba walikuwa kwenye moshi. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini gesi hii daktari atajuaje bila kuambiwa?

Bomba la moshi ndiyo sehemu ninayoikagua mwenyewe hata kama aliyeifunga ni fundi mzoefu. Kila kiungo kipigwe skrubu tatu. Kipande kinacholala kiinuke kuelekea kwenye dohani, angalau sentimita 2 kwa kila mita, na kiwe kifupi kadiri inavyowezekana. Bomba la ukuta mmoja likae sentimita 46 mbali na mbao, na nyumba zetu za bati zina mbao nyingi juu ya dari ambazo huzioni mpaka upande. Panda. Linapopita darini liwe ndani ya bomba jingine pana lenye nafasi ya hewa katikati. Juu ya paa litokeze angalau sentimita 90, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3.

Kanuni hiyo ya mwisho waliiandika wakifikiria paa na majengo ya jirani. Sisi tuna mawe. Mabatini, Igogo, Bugarika, nyumba zimejengwa katikati ya miamba mikubwa kuliko zenyewe, na upepo ukivuka kilele cha jiwe unashuka upande wa pili na kusukuma moshi urudi bombani. Isitoshe mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka na kutoka nchi kavu. Bomba lililovuta vizuri saa nane mchana linaweza kukataa saa nane usiku, na saa nane usiku ndiyo saa ya mwokaji. Kwa hiyo ukifunga chini ya mwamba, rudi usiku upime tena. Kama linasukumwa, liinue au lihamishe upande mwingine wa jengo. Kofia ya kuzuia mvua ni lazima, ila isikae chini sana ikaziba mdomo.

Mvuto wa moshi ndani ya bomba hupimwa kwa geji, lakini kuna jambo rahisi la kufanya kila mara. Kichomeo kikishawaka robo saa, funga milango yote, washa feni zote za kutolea hewa, kisha washa udi na usogeze moshi wake kwenye kilango cha kurekebisha mvuto na kwenye kila kiungo. Moshi wa udi unapaswa kuvutwa ndani. Ukirudishwa usoni kwako, kazi haijaisha.

Kuhusu kitufe cha kuwashia upya nitasema kwa ukali. Kichomeo kina jicho linaloutazama mwali. Lisipouona, sanduku la kontroli linafunga mafuta na kitufe kinaruka. Kimeruka kwa sababu. Kila ukikibonyeza bila moto kushika, dizeli inazidi kujaa kwenye chumba chenye joto na kugeuka mvuke, na siku cheche ikifanikiwa, vyote vinawaka kwa mpigo. Mlango wa oveni unang'oka, bomba linaachana. Mwambie mwendeshaji abonyeze mara moja tu. Kikigoma, afunge valvu ya mafuta na akuite. Umeme wetu ukikatika na kurudi ovyoovyo, hili hutokea mara nyingi. Na usidanganye lile jicho kwa kulimulika tochi ili kichomeo kiendelee. Nimeona likifanywa, na nimeona ukuta ulivyokuwa baada yake.

Kwenye mafuta sina mengi. Bomba la shaba, viungo vya kutanua mdomo, bila tredi tepu (ule utepe wa kuzungushia nyuzi za bomba), kwa sababu vipande vyake huishia kwenye pampu na nozeli. Valvu ya kufunga karibu na tangi na nyingine karibu na kichomeo, chujio katikati. Tangi liwe nje kivulini, juu ya sakafu yenye ukingo wa kuzuia mafuta yakimwagika, na maji ya chini yatolewe mara kwa mara. Dizeli inunuliwe kituoni. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa inalainisha pampu vibaya na kuila. Petroli isikaribie kabisa, hata ya kusafishia.

Ukimaliza, andika kwenye kadi namba ya nozeli, presha ya pampu, alama ya moshi na tarehe, uifunge kwenye mashine. Andika na namba ya Zimamoto, 114. Boila ina wakaguzi wake wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, usiiwashe kwa kazi kabla hawajaipitia.

Kuna mwenye mali atakayekuambia bomba liishie chini ya bati, kwa sababu bati ni jipya na hataki litobolewe. Msikilize kwa adabu, mweleze habari ya kaboni monoksaidi mbele ya wafanyakazi wake, na kama bado anashikilia hilo, funga valvu, toa nozeli uiweke kwenye begi lako na umwandikie kwenye risiti kwamba mtambo haujakamilika na hauruhusiwi kuwashwa. Nozeli atairudishiwa siku bomba litakapotoka juu ya paa.