Hukumu haifuti maandishi

Ndugu, umeuliza kwa nini jimbo la Washington lilihangaika mwaka 2019 kuondoa kwenye sheria za watumishi wa umma vifungu vya ada ya lazima ya chama cha wafanyakazi, ilhali Mahakama ya Juu ya Marekani ilishavizima. Kweli, hukumu ya Janus ya Juni 2018, iliyokataza kumkata mtumishi wa umma ada ya chama bila ridhaa yake, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilivimaliza nguvu. Lakini hukumu haigusi kitabu cha sheria. Maneno hubaki palepale mpaka bunge la jimbo liyatoe. Sasa chukua karani wa mishahara ambaye hata hiyo Janus hajaisikia (wapo!). Anafungua sheria, anaona ada ikatwe, anamkata mtu ambaye hakujiunga wala hakuridhia. Hapo mwajiri ameshajitafutia kesi.