Mashine ya kumhamisha mtu papo hapo ingeweza kumrudishia ujana?

Aliyefungua uzi ameuliza hivi: katika hadithi za kisayansi mtu huvunjwavunjwa hadi atomu, kisha huundwa upya kwingine. Mashine ikiwa ilihifadhi ramani yako ukiwa na miaka 25, si itaweza kukuunda kwa ramani hiyo hiyo ukifika 70? Baadhi yenu mmeliita swali la watoto. Mimi nalichukulia kwa uzito. Kazi yangu ni kupiga picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, hapa Nairobi, na kila siku naona jinsi picha ya mwili ilivyo mbali na mwili wenyewe.

Picha ya kawaida ya ubongo huugawa katika vijisanduku vya milimita moja hivi kila upande. Inatosha kumwonyesha daktari uvimbe, kiharusi, au ubongo uliosinyaa kwa uzee. Sasa tazameni: mwaka 2024 watafiti wa Harvard na Google walichapisha ramani ya kipande cha ubongo wa binadamu cha takriban ukubwa huo huo wa kijisanduku kimoja. Ndani yake walikuta seli kama 57,000 na viungo vya neva (mahali seli za neva zinapopashana habari) karibu milioni 150. Data yake ilifika petabaiti 1.4, yaani terabaiti 1,400, na ili kuipata ilibidi kipande hicho kikatwe maelfu ya tabaka nyembamba na kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Ubongo mzima una vijisanduku kama hivyo zaidi ya milioni moja. Hapo bado hatujashuka kwenye atomu. Mtu wa kilo 70 anazo takriban 7 ikifuatwa na sufuri 27.

Kuna aliyesema teleportesheni, yaani huko kuhamisha papo hapo, tayari ipo. Ndiyo, ipo, lakini ya kwanta, yaani ya hali za chembe ndogo mno. Charles Bennett na wenzake waliipendekeza mwaka 1993, kundi la Anton Zeilinger likaifanya kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, kule Innsbruck, Austria, mwaka 1997, na mwaka 2017 Wachina wakaifanya kati ya ardhi na setilaiti yao Micius, hadi umbali wa kilomita 1,400. Kinachohama ni hali ya chembe, si chembe yenyewe, na hali ya mwanzo hutoweka. Kanuni iliyothibitishwa mwaka 1982 inakataza kunakili hali ya kwanta usiyoijua. Kwa hiyo njia hii haiachi ramani yoyote ya kuhifadhi: ungefika upande wa pili na uzee wako wote, mvi kwa mvi. Ukitaka ramani ya kuweka kabatini lazima upime, na kupima kuna mipaka. Pengine mwili hauhitaji usahihi wa kiasi hicho, maana wenyewe hubadilisha atomu zake kila siku. Basi tukubali kwamba ramani imepatikana.

Hapo ndipo ninaposhtuka. Wazee huletwa kwetu na watoto wao kwa sababu wameanza kusahau. Nimemsikia mama akimuuliza kwa upole binti aliyemshika mkono, “Na wewe ni wa nani?” Ukiundwa kwa ramani ya miaka 25, anayetoka kwenye mashine hamjui mtoto aliyemzaa akiwa na 30. Kile ambacho ugonjwa ule wa kusahau hufanya kwa miaka mingi, mashine itakifanya mara moja, tena kwa mtu aliyeingia na akili timamu.

Tuhifadhi ubongo wa sasa na kubadilisha mwili tu? Basi ubongo unabaki na miaka 70. Kumbukumbu zimo ndani ya viungo vile vile vya neva vinavyochakaa, na mashine haijui kipi ni uzee na kipi ni wewe. Kuna pia aliyependekeza mashine ikuunde upya kwa DNA ya unywele wako. Halisaidii: mapacha wa kufanana wana DNA karibu sawa, lakini alama za vidole ni tofauti na kumbukumbu pia.

Wanaolikaribia jambo hili la kurudisha ujana ni watafiti wa seli. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake, kule Kyoto, walirudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali kama ya kiinitete kwa kutumia jeni nne. Mwaka 2012 Yamanaka alipata Nobeli pamoja na John Gurdon. Mwaka uliofuata Steve Horvath alichapisha saa ya kupima umri kwa alama za kemikali zilizo juu ya DNA, na seli zilizorudishwa hivyo zikasoma karibu na sufuri. Shida ni kwamba seli ikirudi nyuma kabisa husahau kazi yake, na ndani ya panya jambo hilo limezaa uvimbe. Kundi la Juan Carlos Izpisua Belmonte lilijaribu mwaka 2016 kuwasha jeni hizo kwa muda mfupi mfupi, na panya wenye ugonjwa wa kuzeeka haraka wakaishi zaidi. Kwa hiyo hata kwenye seli moja swali ni lile lile: uirudishe kiasi gani kabla haijapotea?

Ningepewa mashine ya aliyeuliza, ningeanza na gegedu la goti, ambalo kwa mtu mzima hujirekebisha kwa shida sana, na lenzi ya jicho, ambayo protini za kiini chake ni zile zile tangu kabla ya kuzaliwa. Sehemu hizo hazibebi kumbukumbu, na ramani ya miaka 25 ingezifaa. Ubongo nisingeugusa.