Chetezo cha kuchaji: angalia sahani ya joto kabla ya nakshi

Waaleikum salaam dada wa Makorora. Umeuliza uchukue kipi kati ya vyetezo viwili vya kuchaji ulivyoviona madukani Ngamiani hapa Tanga, cha kikombe cha kuweka chini au cha kitana cha kufukizia nywele, na vikorokoro gani vinafaa kununuliwa pamoja nacho. Umesema unakaa chumba cha kupanga, mkaa unakupa tabu, na unafukiza vitu vitatu: udi wa vipande, udi uliopikwa kwa sukari, na ubani usiku wa kuamkia Ijumaa. Maelezo hayo ndiyo yanayoamua, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Chukua cha kikombe, chenye sahani ya kauri, kikombe kinachotoka, na viwango vya joto visivyopungua viwili. Kitana kiwe cha baadaye. Rangi ya dhahabu, taa na nakshi za pembeni hazina kazi yoyote kwenye harufu, ingawa ndizo zinazopandisha bei.

Udi unataka joto, hautaki moto. Kaa lililowaka vizuri linapita nyuzi 600 za Sentigredi. Ukiweka kipande cha udi juu yake unapata utamu wa nusu dakika, kisha kinachobaki ni moshi wa kuni, na huo ndio unaoganda kwenye nguo hadi kesho yake. Mafuta yaliyomo ndani ya udi hutoka polepole kwenye nyuzi kama 160 hadi 200. Ubani unaanza mapema zaidi: ile harufu nyepesi inayotangulia, yenye ukali kama wa msonobari, inabebwa na mafuta yanayochemka kwenye nyuzi 155, kwa hiyo 140 hadi 160 inautosha. Udi wa sukari ndio mgumu kuliko yote. Sukari inaanza kugeuka kahawia kwenye nyuzi 160 hivi na inayeyuka kwenye 186. Ikipita hapo inakuwa lami nyeusi inayonuka sufuria iliyoungua. Huo uuweke kwenye 130 hadi 150, na uwe na subira.

Vyetezo vingi vya kuchaji havionyeshi nyuzi. Vina taa mbili au tatu za rangi na basi. Kwa hiyo kipime palepale dukani, muuzaji akikuruhusu, au nyumbani kabla ya kuweka udi wako. Kata kipande cha karatasi ya aluminiamu cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kiweke kwenye sahani, nyunyiza sukari kidogo, punje kumi au kumi na tano hivi. Washa kiwango cha chini na uhesabu dakika tano. Ikibaki nyeupe, kiwango hicho kinafaa udi wa sukari na ubani. Ikigeuka rangi ya asali taratibu, hicho ni cha udi wa vipande. Ikiwa nyeusi na kutoa moshi ndani ya dakika moja, umeshikilia jiko dogo, na kama hicho ndicho kiwango chake cha chini, kirudishe.

Sasa sahani yenyewe. Fungua kifuniko uchungulie ndani. Kuna aina yenye waya wa joto uliozungushwa na kuachwa wazi, juu yake kimewekwa kiwavu tu. Hiyo iache. Waya uko moto sana pale ulipo na nafasi baina ya waya na waya ni baridi, kwa hiyo kipande kimoja kinaungua na cha jirani yake hakijapata habari. Baya zaidi, sukari au utomvu wa ubani ukidondoka kwenye waya unagandia, sehemu ile inazidi kupata joto, na hapo ndipo waya unapokatika. Sahani ya kauri inafunika waya, inasambaza joto sawasawa, na hufutika.

Kikombe kinachotoka kiwe na kina cha kama sentimita moja, cha chuma cha pua. Kile kilichogandishwa ndani ya mwili wa chetezo kinakulazimisha kusafisha karibu na umeme, na mtu anayetumia udi wa sukari atasafisha kila wiki. Kisha tafuta matundu ya hewa ya chini. Watu huangalia matundu ya kifuniko peke yake, lakini moshi hupanda kwa sababu hewa mpya inaingia chini yake. Chetezo kisicho na matundu ya chini kinazungusha mvuke ndani, mafuta yanaganda upande wa ndani wa kifuniko, na baada ya siku chache unaona matone meusi yanarudi kudondokea udi mpya.

Kuhusu betri, usidanganyike na maneno "hukaa siku nzima". Fanya hesabu. Betri ya 2000 mAh (kipimo cha umeme inaobeba) yenye volti 3.7 ina nishati ya wati-saa 7.4. Sahani ya wati 10 ingeimaliza kwa dakika 44 kama hakuna kinachopotea, na kila mara kuna kinachopotea, kwa hiyo tegemea nusu saa. Kwa mzunguko wa dakika tano hadi saba, hiyo ni mizunguko minne hadi sita, ambayo inatosha nguo mbili au tatu, maana kila nguo inageuzwa. Kilichoandikwa 1000 mAh kinakupa nusu ya hapo. Ukiambiwa kidude cha ukubwa wa yai kina 10000 mAh, hilo si kweli, maana betri ya mviringo aina ya 18650, yenye urefu wa milimita 65, kwa kawaida haizidi 3500 hivi.

Kitu kinachowapeleka wengi kwa fundi bure ni waya wa kuchaji. Vyetezo vingi vya bei nafuu vina tundu la Taipu-C lakini ndani hawakuweka vile vipingamizi vidogo vinavyoiambia chaja mpya itoe umeme. Ukitumia waya wenye Taipu-C pande zote mbili, taa haiwaki kabisa, na mtu anasema kimekufa. Tumia waya wenye kichwa kipana cha USB upande mmoja, kwenye chaja ya kawaida ya simu ya volti 5, ampea 1 au 2. Kitachaji. Wakati kinachaji usikiwashe. Betri inayopokea umeme huku imekaa karibu na sahani ya joto inachoka haraka, na ikiwa ni ile bapa huweza kuvimba. Ikivimba, mwili wa chetezo unaanza kuachana kwenye maungio. Acha kukitumia siku hiyohiyo.

Kitana nacho kina mahali pake. Kina chemba ndogo nyuma ya meno, na harufu inapita katikati ya meno hadi kwenye mashina ya nywele. Kitumie kwa udi mkavu wa vipande peke yake. Udi wa sukari na ubani vinayeyuka, na kikiinamishwa, kama kitana kinavyoinamishwa, vinatiririka kupitia matundu vikiwa vya moto. Hiyo ndiyo sababu nimekwambia kiwe cha pili, maana viwili kati ya vitu vyako vitatu haviingii humo. Kabla ya kununua, funga chemba, kigeuze juu chini, kitikise. Kifuniko cha sumaku dhaifu kikifunguka mkononi, kitafunguka kichwani. Nywele ziwe kavu na zisiwe na mafuta ya nazi yaliyopakwa muda huohuo, na kitana kisitulie sehemu moja zaidi ya sekunde mbili tatu.

Vikorokoro, nianze na vile ambavyo kwangu ni lazima. Karatasi ya aluminiamu: finyanga vikombe vidogo vya kuingia ndani ya kikombe, kila udi wa sukari upate chake, ukimaliza unatupa. Hicho pekee kinapunguza sana kazi ya kusafisha. Kibano chenye ncha nyembamba, kwa kuwa vidole havifai kugeuza kipande kilicho moto. Brashi kavu, hata ya meno iliyokwisha kazi. Vijiti vya pamba na spiriti ya hospitali. Kopo la kioo lenye mfuniko wa kubana, kwa sababu hewa yetu ya Tanga ina unyevu na chumvi. Wakati wa masika udi ulioachwa kwenye mfuko wa karatasi unavuta maji, na ukiuweka kwenye sahani dakika mbili za kwanza unatoa mvuke mtupu usionukia. Udi wa sukari ndio unaoharibika zaidi, unalainika na kushikana donge moja. Chumvi hiyohiyo ya hewa inaweka kutu kwenye tundu la kuchajia, kwa hiyo chetezo kikae kabatini, kisikae dirishani.

Kipande cha ulanga, yale madini yanayong'aa na kuchanika tabaka tabaka kama karatasi, ni kizuri mno ukikipata. Kinavumilia joto kubwa na kinapunguza ukali wa sahani inayopita kiasi. Cha sentimita mbili kwa mbili kinatosha. Pochi za kubebea na vikasha vya velveti viache dukani.

Namna ya kufukiza nguo kwa chetezo kidogo: washa kikiwa kitupu kwa dakika moja na nusu. Weka vipande viwili vya udi vyenye ukubwa wa punje ya mchele. Ukijaza kikombe, vya chini vinaungua na vya juu havipati joto. Kiweke sakafuni chini ya tenga lililopinduliwa, tandaza leso au kanzu juu yake, nguo iwe sentimita 30 kutoka kwenye kifuniko. Dakika tano, geuza nguo, dakika tano tena. Baibui nyingi ni za poliesta, na poliesta inayeyuka kwenye nyuzi 250 hivi, kwa hiyo zisiguse kifuniko hata kama chetezo kimeandikwa ni salama. Nguo ikiwa na unyevu kidogo inashika harufu vizuri kuliko iliyokauka kabisa; ile hali ya baada ya kupigwa pasi ya mvuke ndiyo yake. Zima chetezo udi unapogeuka kahawia iliyokolea. Usisubiri uwe mweusi.

Usafi ufanyike kikiwa vuguvugu, kimezimwa. Spiriti kwenye sahani iliyo moto inaweza kushika moto, hilo usilijaribu. Sukari inatoka kwa maji ya moto, haitoki kwa spiriti: ondoa kikombe, kiloweke robo saa. Ubani una sehemu mbili, utomvu unaoyeyuka kwa spiriti na gundi inayoyeyuka kwa maji, ndiyo maana ukitumia kimoja pekee kunabaki utando mweupe. Pitisha kijiti cha pamba chenye spiriti, kisha kitambaa kilicholowa kidogo, kisha kikavu. Mwili wa chetezo usiuchovye kwenye maji kamwe. Na usinyunyize manukato ya chupa juu ya sahani ili "kuongeza harufu". Yana spiriti ndani.

Siku ya shughuli kubwa, nguo za bibi harusi na sare za ndugu zake zote, cha kuchaji hakitoshi. Hapo ni cha waya wa kuchomeka kwenye soketi, wati 40 hadi 100, chenye kitufe cha kupunguza joto. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, chetezo cha udongo bado kinakuokoa, na kinaweza kutoa joto laini sawa na la sahani ukijua kukipanga. Chekecha jivu, lijaze sentimita tano au sita. Washa kaa moja la kifuu nje, hadi lote liwe na vumbi jeupe. Lizike, juu yake libaki jivu la sentimita moja hadi moja na nusu, toboa tundu dogo la hewa katikati kwa kijiti, weka ulanga juu ya tundu, na udi juu ya ulanga. Harufu ikichelewa, punguza jivu kidogo. Moshi ukionekana, ongeza. Vidonge vya mkaa vinavyowaka haraka vina chumvi ya baruti, kwa hiyo subiri cheche na ile harufu ya kiberiti viishe kabisa kabla ya kuweka chochote. Kwa chumba cha kupanga chenye dirisha moja, mkaa wa aina yoyote utumike mlango ukiwa wazi, na usilale nao ndani, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuamsha.

Kama utaagiza kwa mtu anayetoka Muscat au Dubai, mwambie cha betri akiweke kwenye begi la mkononi, mashirika ya ndege hupendelea vitu vyenye betri za kuchaji vibebwe mkononi. Cha waya akigeuze asome chini: kiandikwe 220–240V. Kilichoandikwa 110V pekee kitaungua siku ya kwanza kwenye soketi zetu za volti 230, na plagi yenye pini mbili za mviringo itahitaji adapta ya pini tatu bapa.