Kwa Wadogo Zangu Mnaoivisha Skrini ya Kijani Nguo Mpya

Wiki iliyopita nilimtazama kijana wetu mmoja, mwerevu kweli, akiandika programu ya kuisoma skrini ya kijani (ile ya zamani ya maandishi matupu, inayoletwa na seva), programu inayosubiri sekunde tatu kila baada ya Enter, kisha inasoma nambari ya kontena kutoka mstari wa 7, safu ya 22, bila kujali ni skrini gani iliyo mbele yake. Nilishusha pumzi, kwa kuwa kosa hilo nililifanya mimi kabla yake. Nawaandikia basi ninyi mnaoanza kazi hizi katika ofisi za uwakala wa forodha na maghala ya Mombasa, ingawa najua nusu yenu mtasoma mkiwa tayari mmeshaharibu.

1. Baada ya Enter seva huifunga kibodi mpaka imalize kujibu: subirini ifunguliwe, msihesabu sekunde, na hakikisheni jina la skrini kabla ya kusoma chochote.

2. Msiondoe kitufe msichojua kazi yake. Hapa mnivumilie kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuhamishia kwenye kivinjari skrini ya kupokelea mizigo katika ghala moja la Shimanzi. Ilikuwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya RPG kwenye AS/400, ukoo wa mashine za IBM ulioanza mwaka 1988, yenye mistari 24 na safu 80, nami niliidharau kwa sura yake. Rekodi mpya ilifunguka ikiwa na tarakimu za rekodi iliyotangulia, na makarani waliandika juu yake bila kutazama vidole. Nikajiona nimewaelewa: ukurasa wangu nao ukaandika juu ya kilichokuwapo, na Field Exit, kitufe ambacho makarani hukibonyeza wakimaliza kujaza sehemu, nikaigeuza kuwa Tab, kwa sababu nilichokiona mimi ni kishale (alama ya mahali pa kuandika) kuhamia sehemu inayofuata. Sikujua kwamba kabla ya kuhama, Field Exit hufuta kila kilichobaki kuanzia kwenye kishale hadi mwisho wa sehemu.

Sehemu ya uzito ilikuwa na nafasi tano. Mzigo uliotangulia ulikuwa wa kilo 18250. Karani akaandika 2460, akabonyeza kitufe chake kama alivyozoea, na sifuri ya mwisho ya mzigo wa mwenziwe ikabaki pale pale. Kilo 2460 zikawa 24600. Laiti zingalikuwa elfu tisini, mtu angalishtuka mapema. Lakini tani 24 ni uzito wa kawaida bandarini, na kwa kuwa ada ya ghala ilipigwa kwa uzito, ankara zilitoka zimenona na zikatumwa kwa wateja. Siku ya tatu karani mkuu, mama aliyeijua skrini ile kabla sijaota ndevu, aliniita mezani kwake akaniuliza, “Mwanangu, mizigo yako hulala myembamba ikaamka mnene?” Tulikesha siku mbili tukilinganisha hati na rekodi moja moja, yeye akisoma, mimi nikisahihisha, na kila tulipofikia sifuri ya ziada alinyamaza akanitazama juu ya miwani. Afadhali angalinitukana.

3. F3 (ya kutoka) na F12 (ya kurudi nyuma) ziacheni zilipo, maana karani aliyeshika hati kwa mkono mmoja hana mkono wa kipanya.

4. Orodha ikionekana imevurugika baada ya kuhamishwa, kumbukeni kwamba katika EBCDIC, mfumo wa kuwakilisha herufi kwa namba unaotumiwa na mashine hizi, herufi hutangulia tarakimu, kinyume cha ASCII, mfumo wa kompyuta nyingine nyingi. Tukiwa kwenye orodha, someni mpaka mwisho wake: kuna aliyemtangazia meneja kwa furaha kwamba kontena zilizobaki ni chache, kumbe alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza tu, na neno “More...” (yaani kuna zaidi) linamkodolea macho pembeni.

5. Kabla ya kuandika mstari wowote, kaeni nyuma ya karani siku nzima mkiwa na daftari, bila kompyuta. Mama yule angali kazini na amekubali kuwapokea Jumatatu saa mbili asubuhi. Kiti kipo karibu na feni, na tafadhali msimweleze kuhusu rangi za ukurasa mpya.