Bledi ya msumeno wa mita ikiyumba, jua kwanza inayumba kwa sababu ya nini

Msumeno wa mita (ule wa umeme wa kukata mbao kwa pembe) uliotumika miaka mingi ukianza kukata vibaya, fundi anayeanza hukimbilia kununua bledi. Wakati mwingine inasaidia. Wakati mwingine bledi mpya nayo inayumba vilevile, na pesa imeshakwenda. Nakuomba usinunue chochote wala usifungue mota kabla hujajua kasoro iko wapi: kwenye bledi, flanji (visahani viwili vinavyoibana bledi), shafti (mhimili unaoizungusha) au kichwa kizima cha msumeno.

Anzia kwenye mbao. Chukua kipande kisicho na kazi, kata mfereji usiofika mwisho, pima upana wake kwa kalipa kisha ulinganishe na upana wa jino. Jino la milimita 2.6 likiacha mfereji wa 3.2, kuna kuyumba. Mfereji ukilingana na jino lakini pembe haikai sawa, usiisumbue bledi. Chomoa plagi, shika mpini, sukuma kichwa kushoto na kulia. Kikicheza, angalia bawaba, na reli pia kama msumeno wako ni wa kuvuta. Boliti za hapo hulegea kwa mtetemo, na kuna watu wanaokaa na msumeno miaka bila kuzigusa.

Sasa tuseme mfereji umekuwa mpana. Hakikisha tena plagi imechomolewa, maana mkono wako utakaa karibu na meno kwa muda mrefu. Shusha kichwa, kifunge chini kwa pini yake. Mwenye geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita) aitumie. Asiye nayo afunge kipande cha mbao mezani kwa klampu, kikiwa na skrubu ambayo ncha yake inatazama ubavu wa bledi, ndani kidogo ya meno. Kwenye meno yenyewe usipime, hayako usawa mmoja. Zungusha bledi kwa mkono polepole huku ukikaza skrubu kidogo kidogo, mpaka iguse sehemu moja tu. Utasikia mkwaruzo mfupi, kimya, halafu mkwaruzo tena palepale. Tia alama hapo, na nyingine kwenye ncha ya shafti, zitazamane. Kisha uzungushe upande wa pili wa bledi uje mbele ya skrubu na uone zinapita karatasi ngapi kati yake na skrubu. Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa takriban milimita 0.1. Ikipita moja, mimi naendelea na kazi. Zikipita tatu, nasimamisha.

Kipimo hicho kinakuambia kiasi tu. Kinachokuonyesha mkosaji ni hiki: legeza boliti ya bledi, geuza bledi nusu mzunguko shafti ikiwa imetulia, kaza, pima upya. (Kwenye misumeno mingi ya aina hii hesi za boliti hiyo ni za kinyume, kwa hiyo tafuta mshale kabla ya kutumia nguvu.) Mkwaruzo ukihama na alama ya bledi, bledi imepinda. Ukibaki kwenye alama ya shafti, bledi haina kosa.

Hata hapo usiwaze beringi kwanza. Toa flanji zote mbili, ziangalie penye mwanga, pitisha ukucha kwenye uso unaobana bledi. Utomvu uliokauka au vumbi lililogandamana ukingoni linatosha kuharibu kila kitu. Flanji yenye kipenyo cha milimita 40 ikiinuliwa upande mmoja kwa 0.02 tu, kwenye ukingo wa bledi ya milimita 254 kasoro hiyo inafika karibu 0.13, zaidi ya mara sita. Safisha kwa kiyeyushi cha utomvu. Ukikuta kidonda kilichoinuka, kisugue taratibu kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, uso mzima ukiguswa sawasawa. Angalia pia pete ya kupunguzia tundu, kama ipo. Ikiwa nene kuliko bledi, flanji hazibani bledi, zinabana pete.

Flanji zikiwa safi na kuyumba kumebaki, shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, au ikinguruma unapoizungusha, beringi zimekwisha. Namba huandikwa ubavuni mwa beringi, nunua kwa namba hiyo. Unapoiingiza mpya kwenye shafti, sukuma pete ya ndani. Ukigonga ya nje, pigo linapita kwenye gololi na beringi inaharibika kabla haijafanya kazi. Beringi zikiwa nzima, shafti imepinda. Hapo uliza bei ya shafti kabla ya kuendelea kufungua.

Upo pia uyumbaji ambao kipimo hiki hakiuoni. Bledi butu hupata joto ukingoni, chuma kinatanuka na kupinda, halafu ikipoa inarudi sawa. Ukipima asubuhi iko safi, baada ya mikato mingi mfululizo inapepesuka. Tafuta weusi wa kuungua kwenye mbao na rangi ya buluu kwenye chuma. Weusi peke yake, ipeleke ikanolewe. Ikishageuka buluu, au ukiona ufa mwembamba kwenye shina la jino, usiifunge tena.